Werner Siemens: Luteni wa Mizinga Aliyeifundisha Mashine Kutoa Ripoti

Jina la Siemens si geni machoni pa askari. Limeandikwa juu ya visanduku vya umeme, juu ya mota zinazosukuma maji, juu ya mashine za hospitali, na juu ya makabati ya chuma yanayoongoza kazi katika viwanda vya saruji, vya sukari na vya bia. Wengi wetu tumelipita jina hilo kila siku tukidhani kuwa ni alama ya biashara tu. Kumbe lilikuwa jina la mtu, na mtu huyo alikuwa askari. Kwa muda wa miaka 15, tangu mwaka 1834 hadi mwaka 1849, Werner Siemens alivaa sare ya jeshi la Prussia, mojawapo ya dola kubwa za Wajerumani kabla dola hizo hazijaungana kuwa Ujerumani moja mwaka 1871.

Tumeona yafaa kueleza maisha yake katika ukurasa huu, si kwa ajili ya kuisifu kampuni, maana kampuni ina watu wake wa kuisifu, na ina madhambi yake ambayo hatutayaficha. Tunayaeleza kwa sababu yamo ndani yake mambo mawili yanayomhusu kila aliyekula kiapo cha utumishi. La kwanza ni namna afisa maskini alivyoitumia elimu aliyopewa kwa gharama ya dola. La pili, ambalo ndilo kubwa, ni thamani ya kulisema kosa kama lilivyo. Tutaona kwamba ufundi wote wa mitambo inayojiendesha yenyewe umesimama juu ya jambo hilo la pili.

Mtoto wa mpangaji shamba

Werner Siemens alizaliwa tarehe 13 Desemba 1816 katika kijiji cha Lenthe, karibu na mji wa Hannover. Baba yake hakuwa na ardhi yake mwenyewe. Alikuwa mkulima aliyekodi shamba la wenye mali. Watoto waliozaliwa katika nyumba ile walikuwa 14, na Werner alikuwa wa nne. Mwaka 1823 jamaa wote walihamia Menzendorf, katika nchi ya Mecklenburg, kwenda kukodi shamba jingine.

Kijana huyu alipelekwa shule katika mji wa Lübeck, akapenda hesabu kuliko lugha za kale zilizotukuzwa wakati ule. Shauku yake ilikuwa kusomea ujenzi katika chuo cha Berlin, lakini karo ilimshinda baba yake. Ndipo mwalimu wake mmoja alipompa shauri: jeshi la Prussia lilikuwa na chuo cha mizinga na uhandisi mjini Berlin, na mwanafunzi wa chuo hicho alisomeshwa na dola. Werner akaacha shule kabla ya kumaliza, na mwaka 1834, akiwa na umri wa miaka 17, akashika njia ya Berlin kwa miguu.

Huko aliambiwa kwamba kikosi cha wahandisi kilikuwa na orodha ndefu ya wanaongoja. Akashauriwa aingie kikosi cha mizinga, kwa kuwa wa mizinga nao walisoma chuo kile kile. Basi akaendelea na safari hadi Magdeburg, akafanya mtihani, akaandikishwa. Tangu mwaka 1835 hadi mwaka 1838 alisoma hesabu, fizikia na kemia katika chuo cha Berlin chini ya walimu hodari, miongoni mwao Gustav Magnus, ambaye miaka mingi baadaye atarudi katika habari hizi.

Alipotoka chuoni akiwa luteni, mzigo mzito ulikuwa ukimngoja. Mama yake alifariki mwaka 1839, na baba yake akamfuata mwanzoni mwa mwaka 1840. Nyumbani walibaki wadogo zake, baadhi yao watoto kabisa. Mshahara wa luteni ulikuwa mdogo, nao haukutosha hata kwa mtu mmoja mwenye kulinda heshima ya cheo chake. Hata hivyo Werner hakuikwepa dhima hiyo. Alikuwa amekwisha kumleta mdogo wake Wilhelm Magdeburg, akimfundisha hesabu alfajiri kabla ya kwenda kazini. Baadaye wadogo wengine waliishi katika nyumba yake Berlin. Tusisahau jambo hili tunapofika mbele, kwa maana wadogo hao ndio waliokuja kuwa nguzo za kampuni.

Ndani ya ngome

Akiwa katika kituo cha Wittenberg, luteni huyu aliingia matatani. Maafisa wawili waligombana, wakaamua kupambana kwa silaha kwa ajili ya heshima, desturi iliyokuwa imeenea wakati ule ingawa sheria iliikataza. Werner alikubali kuwa msimamizi wa mmoja wao. Habari zikajulikana, na mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka mitano katika ngome ya Magdeburg.

Mfungwa mwingine angekaa akihesabu siku. Werner alijipatia dawa za kemia kutoka kwa muuza dawa wa mjini, akageuza chumba cha kifungo kuwa maabara. Alikuwa akitafuta njia ya kupaka dhahabu juu ya chombo cha madini mengine kwa nguvu ya umeme, na humo gerezani akafaulu: kijiko cha madini hafifu kikatoka kiking'aa kama dhahabu tupu. Sonara mmoja wa mji ule akanunua haki ya kutumia njia hiyo. Muda si mrefu mfalme akamsamehe, na Werner mwenyewe alikuja kusimulia uzeeni kwamba aliomba aachwe siku chache zaidi ngomeni ili amalize majaribio yake. Ombi hilo lilihesabiwa kuwa utovu wa shukrani, akatolewa usiku ule ule. Mwaka 1842 alipata hataza ya Prussia kwa uvumbuzi huo, na Wilhelm akaenda kuuza haki yake Uingereza.

Katika miaka hiyo ndugu hawa wawili walibuni pia chombo cha kutuliza mwendo wa injini ya mvuke, na kwa kuwa ndicho chanzo cha habari yetu ya leo, tukieleze. Injini ya mvuke huenda mbio ikipunguziwa kazi, na hulegea ikizidishiwa. Chombo chao kilikuwa na timazi inayozunguka kwa mwendo usiobadilika. Mwendo wa injini ulilinganishwa na mwendo wa timazi hiyo. Palipotokea tofauti, tofauti yenyewe ndiyo iliyofungua au kufunga mlango wa mvuke. Kupima, kulinganisha na kilichoamriwa, kisha kurekebisha: hizo ndizo hatua tatu, na mitambo yote inayojiendesha hadi leo hufuata hizo hizo. Chombo kile hakikuwaletea fedha, lakini kiliwapa fikira.

Telegrafu ya visanduku vya sigara

Mwaka 1846 jeshi la Prussia lilikuwa likitafuta njia bora ya kupeleka habari. Mpaka hapo lilikuwa likitumia minara iliyojengwa vilimani, yenye mikono mirefu ya mbao iliyonyoshwa na kukunjwa ili mnara wa pili usome na kupeleka mbele. Ukungu ukishuka, au usiku ukiingia, habari zilikwama. Telegrafu ya umeme ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa Uingereza, lakini mashine yake ya sindano ilitegemea mkono wa mtumaji, na mkono ukitetemeka sindano ya upande wa pili ilipotea njia.

Werner akachukua visanduku vya sigara, mabati, vipande vya chuma na waya wa shaba, akaunda mashine yake mwenyewe. Ndani yake umeme ulijikata na kujiunga wenyewe, hata sindano za pande zote mbili zikatembea pamoja, hatua kwa hatua. Mtumaji alipobonyeza herufi, sindano zote mbili zilisimama juu ya herufi hiyo. Kazi ya kulinganisha mwendo ilitoka mkononi mwa mtu ikaingia ndani ya mashine.

Fundi stadi wa vyombo, Johann Georg Halske, alipoiona mashine hiyo ikifanya kazi, alishawishika kuungana naye. Tarehe 1 Oktoba 1847 wakaanzisha kiwanda cha telegrafu kilichoitwa Siemens & Halske, katika nyumba ya uani katika barabara ya Schöneberger, Berlin. Mtaji wao ulikuwa Thaler 6,842, nao ulitolewa na binamu yake Werner aliyekuwa mwanasheria. Mafundi waliowaajiri walikuwa kumi.

Afisa mwenye mkono katika biashara

Hapa inatubidi tusimame kidogo. Werner alikuwa bado afisa wa jeshi. Isitoshe, alikuwa amepelekwa kufanya kazi katika tume ya dola iliyosimamia mambo ya telegrafu, na tume hiyo ndiyo iliyoamua mashine za nani zitumike. Kwa maneno mengine, mtu mmoja alikaa pande mbili za meza: upande wa mnunuzi na upande wa muuzaji.

Sheria za Prussia za wakati ule hazikumkamata, na mashine zake zilikuwa nzuri kweli. Lakini sisi tunaosoma leo, tukiwa na kanuni zetu za utumishi, hatuwezi kuiita hali hiyo njema. Uzuri wa bidhaa hautakasi njia iliyouzwa. Tunachoweza kusema kwa haki ni kwamba hali hiyo haikudumu. Mwezi Juni 1849 Werner aliomba kuacha jeshi, akaiacha na tume pia, akabaki na biashara peke yake.

Kabla ya kuondoka alikuwa ametimiza mambo mawili ya kukumbukwa. Mwaka 1848, katika vita baina ya Wajerumani na Denmark, alikwenda Kiel, ambako shemeji yake alikuwa profesa wa kemia. Bandari ilikuwa wazi mbele ya merikebu za adui. Werner akatega chini ya maji baruti, ikiunganishwa hadi pwani na waya za umeme zilizovikwa utomvu mgumu uitwao gutapecha, ili ilipuliwe kutoka nchi kavu. Merikebu za Denmark hazikuingia bandarini. Jambo la pili lilikuwa njia ya telegrafu ya kilomita 500 hivi kutoka Berlin hadi Frankfurt, ambako bunge la Wajerumani lilikuwa likikutana. Tarehe 28 Machi 1849 bunge lile lilipomchagua mfalme wa Prussia kuwa kaisari, habari ilifika Berlin katika muda wa saa moja. Mfalme aliukataa ukaisari huo, lakini watu wote walielewa kwamba mambo ya utawala hayatakuwa tena kama zamani.

Kosa lililoandikwa wazi

Njia zile za Prussia zilifukiwa ardhini, kwa hofu kwamba waya za juu zingekatwa na wahalifu au waasi. Waya ulivikwa gutapecha kwa mtambo aliouunda Werner mwenyewe. Mwanzoni kila kitu kilikwenda vizuri. Baada ya muda mfupi njia zikaanza kuugua: habari zilikatika, na mafundi walifukua huku na huko bila kupumzika.

Sababu zilikuwa nyingi. Serikali ilitaka kazi iishe upesi na kwa bei nafuu, hivyo mitaro haikuchimbwa kwa kina cha kutosha, na waya haukuvikwa chuma cha kuulinda. Panya walitafuna gutapecha. Zaidi ya hayo, gutapecha ilikuwa imechanganywa na salfa ili iwe ngumu, na salfa hiyo ikaila shaba iliyokuwa ndani.

Mwaka 1851 Werner alitoa kijitabu akaeleza mambo hayo hadharani: njia zilivyojengwa, zilivyoharibika, na kwa nini. Wakubwa wa telegrafu wa Prussia walikasirika. Wakavunja uhusiano na kiwanda chake, wakampa kazi mtu mwingine. Katika mwaka ule ule mashine za Siemens & Halske zilipata nishani ya daraja la juu katika Maonyesho Makubwa ya London, lakini nyumbani mnunuzi wake mkubwa alikuwa amempa kisogo. Kiwanda kichanga chenye mnunuzi mmoja mkubwa, kikimpoteza huyo, kiko ukingoni mwa kaburi.

Tunajua kwamba wapo watakaosema angenyamaza. Lakini fikirini: kama angenyamaza, njia ya pili ingejengwa kwa mitaro ile ile mifupi na kwa salfa ile ile. Kosa lililofichwa halifi. Huhama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Kwa kuliandika, Werner alipoteza kazi ya Prussia, akapata ujuzi wa kujenga mahali pengine bila kurudia.

Sindano katika vibanda vya Urusi

Mahali hapo pengine palikuwa Urusi. Mwaka 1853 Werner alimtuma huko mdogo wake Carl, kijana wa miaka 24. Kaisari wa Urusi alikuwa akiingia katika vita vya Crimea dhidi ya Uturuki, Uingereza na Ufaransa, na nchi yake ilikuwa pana mno kwa tarishi wa farasi. Katika muda wa miaka michache ndugu hawa wakajenga maelfu ya kilomita za telegrafu, kutoka Finland hadi Crimea.

Serikali ya Urusi ilitaka pia wazitunze njia hizo kwa mkataba wa miaka mingi. Ilikuwa kazi ya kutisha: nyika, theluji, na waya unaoweza kukatika mahali popote, mbali na fundi. Kuweka wataalamu njia nzima kusingewezekana. Basi Werner akafanya hivi. Kila umbali wa versta 50, kipimo cha Kirusi kinachokaribia kilomita 53, kilijengwa kibanda cha mlinzi. Waya ulipitishwa ndani ya kibanda, na humo ikawekwa kengele pamoja na sindano ya kuonyesha umeme. Mlinzi hakuhitaji kujua kusoma telegrafu. Kazi yake ilikuwa kutazama kama sindano inacheza. Ikikaa kimya kupita muda uliowekwa, alijua kwamba njia imekatika, akafuata maagizo machache aliyopewa, na kituo kikuu kikaweza kujua ubovu uko kati ya vibanda gani.

Askari yeyote aliyewahi kupanga lindo ataielewa akili hiyo. Sindano haikumwogopa mkubwa. Haikusema njia ni nzima ili isilaumiwe. Mkataba huo wa Urusi ndio uliokiokoa kiwanda na kukikuza, na mwaka 1855 tawi likafunguliwa St. Petersburg. Mwaka 1858 likafuata la London chini ya Wilhelm. Kiwanda cha uani Berlin kilikuwa kimekuwa kampuni ya mataifa.

Katika Bahari ya Shamu

Kazi ya kutafuta ubovu ilimfikisha Werner karibu na bara letu. Mwaka 1857 alisaidia kulaza waya chini ya bahari kati ya kisiwa cha Sardinia na Algeria. Mwaka 1859 alikwenda Misri na Bahari ya Shamu kusimamia vipimo vya umeme wakati Waingereza walipolaza waya kutoka Suez hadi Aden, bandari ile ile ambako miaka 20 baadaye, mwaka 1879, ulianzia waya wa baharini ulioiunganisha Zanzibar na dunia.

Walipokaribia Aden, hitilafu ilionekana. Waya ulikuwa umelala chini ya maji, na hakuna jicho lingeweza kuufikia. Werner alipima jinsi waya ulivyoukinza umeme, akapiga hesabu, akataja umbali ulipo ubovu. Ulipovutwa juu, ubovu ukapatikana ukatengenezwa. Ili vipimo vya namna hiyo viaminike kila mahali, mwaka 1860 alipendekeza kipimo kimoja cha ukinzani kwa mafundi wote, kikitegemea mhimili wa zebaki wenye urefu wa mita moja. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Berlin kilimpa udaktari wa heshima, yeye aliyeacha shule kwa kukosa karo.

Aliporudi kutoka Aden, meli yake, Alma, iligonga mwamba wa matumbawe usiku. Mamia ya abiria walikaa siku kadhaa juu ya kisiwa kitupu, juani, wakipimiwa maji kidogo kidogo, mpaka manowari ya Uingereza ilipowaokoa. Waya wa Bahari ya Shamu nao ulikufa mapema. Miaka michache baadaye kampuni ilipata hasara kubwa kwa waya wa baharini kati ya Hispania na Algeria, na Halske, ambaye hakupenda biashara za kubahatisha, akajitoa mwaka 1867. Waliachana bila uadui.

Ndugu wa Siemens hawakukata tamaa. Kati ya mwaka 1868 na mwaka 1870 walijenga sehemu kubwa ya njia ya telegrafu kutoka London hadi India, ikipita Prussia, Urusi na Uajemi. Urefu wote hadi Calcutta ulikuwa kilomita 11,000 hivi. Ilipofunguliwa tarehe 12 Aprili 1870, habari ilisafiri kutoka London hadi Calcutta kwa dakika 28. Njia hiyo ilitumika hadi mwaka 1931.

Umeme wenye nguvu

Mpaka wakati huo umeme ulikuwa mtumishi wa habari tu. Ulipatikana kwa betri za kemikali, au kwa mashine zenye sumaku za kudumu, nao haukutosha kuzungusha gurudumu la maana. Mwaka 1866 Werner aligundua kwamba mashine yaweza kujitengenezea sumaku yake yenyewe: usumaku mdogo unaobaki katika chuma huzaa umeme mdogo, umeme huo huongeza usumaku, na usumaku huongeza umeme, mpaka nguvu kubwa ipatikane. Tarehe 17 Januari 1867 mwalimu wake wa zamani, Magnus, aliwasomea wataalamu wa Berlin taarifa ya uvumbuzi huo. Uingereza nako wavumbuzi wengine walikuwa wamefikia jambo hilo hilo karibu wakati mmoja, lakini Werner alikuwa miongoni mwa walioona mapema lingefika wapi.

Mwaka 1879, katika maonyesho ya Berlin, garimoshi lake dogo la umeme liliwabeba maelfu ya watu kuzunguka reli ya mita 300. Mwaka 1880 akaonyesha lifti ya umeme mjini Mannheim, na mwaka 1881 tramu ya umeme ikaanza kazi Lichterfelde, karibu na Berlin. Nguvu ya umeme ikaingia kila karakana.

Kwa wafanyakazi wake, alianza kuwagawia sehemu ya faida, na mwaka 1872 akaanzisha mfuko wa pensheni wa wafanyakazi, wajane na yatima, zaidi ya miaka kumi kabla sheria ya Ujerumani haijaweka pensheni ya uzee. Hakufanya hivyo kwa huruma tupu. Alijua kwamba fundi mwenye hofu ya kesho hakai kazini, na fundi akiondoka huondoka na ujuzi. Aliipatia dola kiwanja cha kujengea taasisi ya vipimo iliyoanzishwa mwaka 1887, na mwaka 1888 akapewa heshima ya kuitwa von Siemens. Alifariki tarehe 6 Desemba 1892, siku chache baada ya kitabu cha kumbukumbu za maisha yake kutoka.

Kampuni baada ya mwenyewe

Kampuni ilikua kupita yote aliyoyaona. Mwaka 1958 ilisajili jina la Simatic kwa vyombo vyake vya kuongozea mitambo ya viwandani, na tangu mwaka 1979 aina iitwayo S5 ikaenea viwandani, ikiwawezesha mafundi kubadili kazi ya mtambo kwa kubadili maagizo yaliyoandikwa, bila kufumua nyaya. Ndani ya makabati hayo hatua ni zile zile za timazi ya zamani: pima, linganisha, rekebisha, na panapozidi uwezo, washa taa umwite mtu. Mwaka 2023 kampuni ilikuwa na watumishi wapatao 320,000.

Lakini tuliahidi kutoficha. Katika Vita Kuu ya Pili kampuni hii iliwatumikisha kwa nguvu watu wengi waliotekwa, wakiwamo wafungwa wa kambi za mateso. Na mwezi Desemba 2008 ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba udhibiti wake wa ndani ulikuwa mbovu na vitabu vyake vya hesabu havikuwa vya kweli, katika mkasa wa hongo zilizotolewa katika nchi nyingi. Faini za Marekani na Ujerumani kwa pamoja zilikaribia dola bilioni 1.6. Tazameni kosa lenyewe: vitabu vya uongo. Kampuni iliyolelewa na sindano isiyodanganya iliangushwa na kalamu iliyodanganya.

Funzo kwa askari

Tulipokuwa kadeti tulifundishwa kuandika ripoti ya hali: adui yuko wapi, sisi tuko wapi, risasi na maji vimebaki kiasi gani. Ilituchukua muda kuelewa kwamba mstari mgumu kuliko yote ni ule unaosema kuwa kitu kimeharibika mikononi mwetu. Ni rahisi kuandika kwamba redio ni nzima, kwamba gari liko tayari, kwamba lindo lilipita salama. Mkubwa hufurahi siku hiyo. Siku ya operesheni, redio hunyamaza, gari hubaki njiani, na wanaolipa ni wenzetu waliotumwa mbele.

Polisi mwenye kitabu cha matukio mbele yake, fundi wa karakana mwenye kitabu cha gari, sajini anayehesabu silaha ghalani: kila mmoja ni kibanda kimoja katika njia ndefu. Akiandika kilicho kweli, kituo kikuu kitajua ubovu uko kati ya wapi na wapi. Akiandika cha kupendeza, njia nzima ni gizani. Na kwa upande wa pili, mkubwa anayemwadhibu mleta habari ya ubovu afanana na wale wakubwa wa telegrafu wa Prussia: walimfukuza aliyesema, na waya zao zikaendelea kuoza ardhini.

Luteni yule wa mizinga hakuwa malaika. Alifungwa, alifanya biashara akiwa ndani ya sare, na alikosea katika waya zake mwenyewe. Lakini kosa lilipojitokeza alilitazama, akalipima, akaliandika. Hilo lawezekana kwa kila askari wetu usiku wa leo, atakapokabidhi zamu na kufungua kitabu.